Kaka Alikuwa na Kazi

Fundi Sofa alikuwa barazani, anang'oa misumari kwenye kochi la mteja. Ndiyo kazi yake ya kila siku. Kitambaa cha zamani kinatoka, sponji iliyochakaa inatupwa, mbao zinakazwa upya. Mwanawe mdogo alishika upande wa pili. Zamani walikuwa watatu, na ubishi wao ulisikika mtaa mzima. Sasa ilisikika nyundo tu.

Miezi saba iliyopita, mwanawe mkubwa aliingia sokoni na bomu. Akafa yeye na watu wanane. Loo, uchungu ule mzazi yeyote asionjeshwe! Hata kaburi la mwanawe, Fundi hakuonyeshwa.

"Umaskini ndio ulioniulia mwanangu," alimwambia kila aliyekuja. "Umaskini na virungu vya askari."

Watu walitikisa vichwa. Baadhi yao hawakurudi tena.

Asubuhi hiyo alikuja mteja mmoja, shati limenyooka, mdomo mtamu. Ilikuwa mara yake ya tatu.

"Fundi, kijana wako anaozea hapa bure," alisema. "Nina kazi mji wa mbali. Chakula, malazi, mshahara mnono. Keshokutwa naja kumchukua. Ila msitangaze, binadamu wana husuda. Na simu yake aiache, atapewa mpya."

Fundi machozi yalimlenga. Ikiwa ugonjwa ni umaskini, si dawa ndiyo hii imejileta yenyewe? Akakubali palepale. Mwanawe hakuulizwa.

Mchana akapita jirani yao, mhudumu wa afya wa mtaa. Mumewe, mbeba mizigo, alikuwa mmoja wa wale wanane. Kwa miezi minne mama huyu hakumsalimia Fundi. Mwezi wa tano alikuja mwenyewe, akakaa, wakalia wote wawili. Tangu hapo hakuacha kupita.

Aliposikia habari ya safari, aliweka mkoba chini.

"Kazi gani hiyo, shemeji?"

"Kazi tu. Nzuri."

"Kwa nani? Mji gani?"

Fundi akajikuna kichwa. "Hakusema."

"Wewe! Hata mbuzi ukimuuza unauliza anakwenda wapi. Mwanao huulizi?"

"Niache, shemeji! Sitaki umaskini uniulie na huyu."

Kijana akaweka nyundo chini. "Baba, kaka alikuwa na kazi."

Fundi akamtazama.

"Alikuwa anatengeneza simu. Unga wa nyumba hii alinunua yeye. Asiye na kazi nilikuwa mimi. Na askari walitupiga wote wawili, siku moja, ukuta mmoja. Mbona mimi sikwenda?"

Fundi aliuachia msumari aliokuwa anaung'oa.

"Mume wangu alibeba magunia mpaka mgongo ukapinda," mama alisema. "Maskini kuliko wewe. Alimuua nani? Wote wanane walikuwa watu wa kubangaiza kama sisi." Akafuta macho kwa kiganja. "Shemeji, umaskini unauma. Uonevu unauma zaidi, na tusiunyamazie. Lakini ukuni mkavu hauwaki wenyewe. Yupo mwenye kiberiti. Anamtafuta mwenye uchungu, awe na kitu au asiwe nacho. Anamwambia, 'Ndugu zako ni sisi tu.' Anamfundisha siri. Anamtenga na kwao. Mkubwa wako hakubadilika?"

Fundi aliketi juu ya mbao za kochi. "Aliacha kubishana na mdogo wake. Aliacha kuleta rafiki zake hapa. Akawa anasema mtaa wote umepotoka, hata mimi. Nikadhani amekua. Nikawatambia watu, mwanangu katulia siku hizi!"

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," mama alisema polepole. "Hata mimi niliona. Nikapita zangu. Labda asingetujibu, shemeji. Lakini tungemuuliza."

Fundi akamgeukia mwanawe. "Una hasira, mwanangu?"

"Ninazo, baba. Na askari. Na kaka. Hata na wewe."

Maneno yalimchoma. Zamani angefoka. "Kaa hapa," alisema. "Niambie zote."

Kijana akazungumza mpaka jua likashuka, na kochi la watu likalala bila kitambaa.

Kesho yake, jirani aliposikia kwamba mteja alitaka siri na simu iachwe, akataka waende kutoa taarifa. Fundi akasita. "Kwa askari walewale?"

"Twende kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa. Yeye tunamwamini. Atatupeleka kituoni mwenyewe, na malalamiko ya kupigwa kwa vijana yaandikwe siku hiyohiyo."

Yakaandikwa yote mawili. Mteja yule alipokuja siku aliyoahidi, alikamatwa kabla hajafika barazani. Kwenye nyumba aliyopanga walikutwa vijana wawili wa mtaa wa pili. Mabegi yalikuwa tayari, na simu zao zilikwisha kuchukuliwa. Mmoja alikuwa mtoto wa mwenye duka kubwa, hajawahi kulala njaa.

Walirudishwa mchana kweupe. Mama wa mmoja alikimbia bila viatu. Alipiga vigelegele, akamkumbatia mwanawe huku akimchapa makofi mgongoni. "Mjinga wewe! Mjinga wewe!" alilia, na hakumwachia.

Fundi alicheka naye, akampa mkono, akampongeza. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akamlilia wake.