Kamba Yenye Unga

Asubuhi ile kisima hakikuitikia.

Chiriku alikuwa na mazoea yake. Akiamka tu, hata uso hajanawa, hukimbilia uani, akashika ukingo wa kisima kwa mikono miwili na kukisalimu: "Hujambo wee?" Kisima nacho humrudishia sauti yake mwenyewe, nzito kidogo, naye hucheka mpaka apaliwe. Alikuwa na miaka sita, na jina la Chiriku hakulipata bure, maana mdomo wake haukulala mpaka mwenyewe alale. Siku hiyo fundi alikuwa amekwisha kuuondoa mfuniko wa zamani na kuulaza kando. Mtoto akasalimu. Kimya. Akakisimulia kisima ndoto yake, akakitajia mwanasesere wake na wimbo anaomwimbia, akauimba wote mwanzo hadi mwisho, na kisima kikanyamaza tu.

"Mama, leo kinanisikiliza," alisema.

Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mikate kwa mikate aliyooka na kuiuza dirishani, alicheka. Fundi hakucheka.

"Mtoe hapo," alisema. "Na asiongee tena humo ndani."

Fundi huyu alikuwa mzee mkavu, mwenye kucha zilizokatwa hadi kwenye nyama, na watu walimwita Bwana Safi, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Aliitwa kwa sababu pete moja ya zege katika ukuta wa kisima, ya tatu kutoka juu, ilikuwa imepasuka, na mvua za karibuni zilipitisha maji machafu ya uani kwenye ufa huo. Mikate ilikuwa imeanza kutoka na harufu ya udongo. Hilo Mama Mikate angelivumilia, lakini Chiriku aliharisha siku tatu mfululizo, na hapo ndipo alipoingiwa na hofu ya kweli. Mimba tatu zilikuwa zimemharibikia kabla ya kumpata huyu mmoja, na hakukuwa na mwingine.

Basi aliyapokea masharti yote ya Bwana Safi bila kubisha. Kuku walifungiwa. Hakuna kunawa wala kumwaga maji ya vyombo karibu na kisima. Nyundo, mwiko, ndoo, mabuti, hata kamba yenyewe, kila kitu kilipigwa brashi na kulowekwa katika beseni la maji ya klorini kabla ya kuteremka. Akiondoka, hata kwa dakika mbili, mdomo wa kisima ulifunikwa turubai na kugandamizwa kwa mawe. Tena kila kitu kilihesabiwa. Mama Mikate alipewa chaki, akawa anapiga alama ukutani kando ya mlango wa jikoni: kushoto vilivyoshuka, kulia vilivyopanda.

"Kuna mafundi husahau mwiko chini, watu wakanywa kutu mwaka mzima," Bwana Safi alimweleza. "Hiyo sababu ya kwanza."

"Na ya pili?"

Mzee akaangalia kisimani kabla ya kujibu. "Ukiitwa kutoka chini na mimi niko juu, usiitike. Na kamba usiiguse. Hata usikie nini."

"Makubwa! Na nani wa kuniita huko chini? Chura?"

"Nimesema usiiguse, mama. Mikono yako ina unga."

Akacheka tena. Alimwona mzee wa watu amezidisha usafi mpaka umemwingia kichwani, kisha akarudi kwenye unga wake.

Ilipofika adhuhuri, mwenye mkokoteni wa saruji aliita kutoka barabarani, na Bwana Safi akafunika kisima, akaweka mawe yake manne, akaenda mbele ya nyumba kupokea mifuko. Jua lilikuwa utosini. Mama Mikate alikuwa anakanda, Chiriku amelala chumbani, au ndivyo alivyojua yeye, maana nusu saa iliyopita alikuwa amempa donge lake la unga la kuchezea, kama kawaida yao, na kumwona analala nalo mkononi.

"Mama."

Alisimamisha mikono. Sauti ilikuwa ndogo na yenye mwangwi.

"Mama, nimeanguka."

Akatazama dirishani. Jiwe moja lilikuwa limeondoka mahali pake, na pembe ya turubai ilikuwa imezama ndani.

"Mama, maji baridi. Mama, nivute."

Maneno ya mzee aliyakumbuka, isisemwe kwamba hakuyakumbuka, aliyakumbuka neno kwa neno huku miguu yake ikikata uani, lakini ni mama gani atakayesimama juu ya kisima akasikia mwanawe anakunywa maji na kutapika na kumwita kwa sauti ileile iliyomwamsha kila siku kwa miaka sita, naye akakunja mikono akisubiri ruhusa ya fundi, basi akalivua turubai, akaishika kamba kwa mikono ile iliyojaa unga, akavuta, na uzito alioupata kwenye kamba ulikuwa uzito alioujua mgongoni mwake tangu mtoto akiwa mchanga, akavuta huku analia na kuomba na kutukana, mpaka vidole vidogo vikashika ukingo.

Akamkumbatia. Mtoto alikuwa amelowa chapachapa, ananuka udongo wa chini kabisa, anatetemeka. Mama alimbusu, akamchapa kofi mguuni kwa hasira ya woga, akambusu tena.

"Mama," sauti ikatoka mlango wa jikoni. "Huyo nani?"

Chiriku alikuwa amesimama pale, mkavu, alama ya mkeka shavuni, donge la unga mkononi.

Mama Mikate alitazama huku, akatazama kule. Kisha jua likazimika machoni pake.

Alipozinduka alikuwa kitandani, na mumewe, karani wa ghala la mbao, amerudi mapema kutoka kazini, anampepea. Nyumba ilinuka sabuni. Mezani palikuwa na vikombe viwili vidogo, na kwenye kopo la bafuni, aliloliona kupitia mlango uliokuwa wazi, miswaki miwili midogo.

"Machiriku wako wamekutia hofu," mumewe alisema kwa upole. "Nimeshawaogesha. Fundi aliniita nije."

Walikuwa wamekaa sakafuni, migongo ukutani, magauni ya namna moja, nywele mbichi wote wawili, kila mmoja na mwanasesere wake. Wakamwangalia kwa pamoja.

"Tumezaa mmoja," alinong'ona.

"Nini?"

"Mume wangu, tumezaa mtoto mmoja!"

Mumewe alimwekea kiganja kwenye paji la uso. "Umepigwa na jua. Lala."

Asubuhi ya pili alimsubiri Bwana Safi mlangoni.  Mzee alikwenda moja kwa moja kwenye kamba, akaipitisha mkononi taratibu mpaka alipofika palipokauka ukoko mweupe.

"Ulivuta," alisema.

"Niambie nina watoto wangapi."

"Jana asubuhi nilimkuta mmoja."

Mama Mikate alikaa chini palepale akalia kwa faraja, kwa kuwa usiku kucha alikuwa amekubali kwamba amerukwa na akili. Mzee alichukua chaki, akaenda ukutani. Kushoto kumi na moja, kulia kumi na moja. Akaongeza moja kulia.

"Majini ya maji hayapandi yenyewe," alisema, sauti ya chini ili mume asisikie. "Hupandishwa. Na huyu alisikiliza vizuri kabla ya kuita. Lakini kilichopandishwa huteremshwa, ilimradi dawa haijaingia kisimani. Adhuhuri natia klorini na kumimina zege la mfuniko."

"Ngoja mpaka kesho, baba. Nakuomba."

"Kisima kikikaa wazi siku nyingine, hatapanda mmoja tu. Niletee aliye wa kisima."

Alikuwa na muda wa saa nne. Aliwaita watoto chumbani, akafunga mlango. Kovu la goti, lile la kuangukia kizingiti, lilikuwapo kwa wote wawili. Ndoto ya jana waliijua wote, na si ajabu, ilisimuliwa kisimani. Akatafuta jambo ambalo kisima hakikulisikia. Akawauliza alimwimbia nini Chiriku siku ile ya homa kali. Mmoja akaanza wimbo na mwenzake akaumalizia, bila kutazamana, na aliyeanza na aliyemaliza wote walikuwa na sauti moja. Akawanusa shingoni, huyu, kisha yule. Sabuni, na chini ya sabuni udongo, kwa wote, kwa sababu walilala kitanda kimoja.

"Mama, mbona unatunusa?" aliuliza mmoja.

Mwingine akaanza kulia kimyakimya. Akataka kusema ndiye huyu, anayelia ndiye wangu, lakini yule wa kwanza naye akaanza.

Adhuhuri aliwatoa uani, mmoja kila mkono. Walipoiona ndoo juu ya kisima walipiga kelele kwa pamoja, wakajifunga miguuni pake, na mikono minne ile ilikuwa na joto sawa.

"Yupi?" aliuliza Bwana Safi.

"Sijui."

"Chagua, mama. Mvua hiyo inakuja."

"Nikikosea je? Nitakuwa nimemtumbukiza mwanangu kwa mikono yangu." Alimshika mzee mkono. "Wewe una uzoefu. Niambie wewe."

Bwana Safi alitazama chini. "Mimi najua idadi tu."

Mama Mikate aliwavuta watoto wote wawili kifuani, akatikisa kichwa. Alitikisa hivyo mpaka mzee akageuka, akamwaga klorini ndoo nzima, na harufu yake kali ikawatoa wote machozi. Zege lilipomiminwa halikutoa sauti yoyote. Juu yake likasimikwa bomba la mkono la kuvutia maji, na hata tundu lake likazibwa kwa lami pembeni.

"Maji ya kwanza yavutwe na kumwagwa mpaka harufu iishe, ndipo mnywe," alisema akikusanya vifaa. Kisha akasogea karibu. "Na hao wawili wanakunywa fungu la mtu mmoja. Mmoja atakauka."

"Yupi?"

"Asiyejua kugombania."

Bwana afya alikuja, akachukua maji katika chupa, akarudi na karatasi: maji ni safi na salama, hongera. Mikate ikarudi kunukia. Majirani waliwasifu Machiriku kwa jinsi wanavyofanana. Baada ya wiki tatu mmoja wao aliacha kuongea.

Alianza kwa kukatisha maneno katikati, kisha akawa anaitikia kwa kichwa. Midomo ikampasuka. Mama Mikate alimpa kikombe, akanywa, akampa cha pili, akanywa, na ngozi ya mikono yake ikazidi kuchakaa, huku mwenzake akicheza na kunenepa na kupiga domo kutwa. Hospitali walimpima, wakasema hana kitu, anywe maji mengi. Na mama mtu alikaa kati yao hajui amlilie nani. Akiomba huyu apone, huenda anamwombea jini. Akinyamaza, huenda anamwacha mwanawe afe huku anamtazama. Kuna nyakati alijikuta anafurahi kwamba anakauka, kisha mtoto akamtazama kwa macho yale, naye akakimbilia kikombe kingine. Hakuna aliyeweza kumsaidia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu, lakini yeye hata huo hakujua auweke wapi.

Asubuhi moja alikuta koponi mswaki mmoja. Kitandani mtoto mmoja, yule mnene, yuko usingizini, na upande wa pili shuka limenyooka kana kwamba halikulaliwa.

"Mwenzake yuko wapi?" alimwuliza mumewe.

Mumewe alimwangalia kwa huruma ya mtu aliyechoka. "Mwenzake yupi? Mke wangu, tumezaa mtoto mmoja."

Alikwenda ukutani. Mvua zilikuwa zimefuta alama zote za chaki.

Ikamchukua siku kadhaa kuthubutu kuamini. Aliyebaki alipiga soga kama Chiriku, alicheka kama Chiriku, alilala mdomo wazi. Mungu amenichagulia, Mama Mikate alijiambia, nilishindwa mimi, akanichagulia Yeye. Moyo ulimtua. Alilala usingizi wa kwanza wa maana tangu siku ile, na kesho yake akakanda unga huku anaimba.

Mtoto alikuja akaegemea meza, akapokea donge lake. Akalinusa kwanza, kwa muda mrefu, macho yamefumba.

"Hii ndiyo harufu," alisema. "Siku ile kamba ilinukia hivi. Ndiyo nikajua ni wewe unayevuta."

Mikono ya Mama Mikate ilisimama ndani ya unga. Kupitia dirishani aliuona mfuniko wa zege, mpana, mweupe juani, hauna hata ufa.

"Na mwenzako," alinong'ona, "alikwenda wapi?"

"Kule chini kulibaki nafasi, mama," mtoto alimjibu kwa upole, akamwonyesha donge lake lililokwisha. "Nipe jingine."

Mama Mikate alimtazama. Kisha akamega donge jingine, akampa.