Maji Yaliyoacha Kunuka

Maji ya kisima yalianza kunuka mayai viza siku ya tatu baada ya mtoto kuletwa nyumbani. Kabla ya hapo yalikuwa maji ya kujivunia. Baba mtu, fundi cherehani, alikichimba kisima hicho mwenyewe nyuma ya jiko, na mgeni hakuaga bila kuonjeshwa.

Mtoto walimwita Kifungo kwa utani, kwa udogo wa pua yake. Alizaliwa kwa upasuaji, maziwa ya mama yakagoma kutoka, ikabidi anywe ya unga. Na maziwa ya unga hayakorogwi kwa mate.

Wakamwita mpima maji, dada wa maneno machache mwenye sanduku la chupa. Alijaza chupa mbili, akaziandika, kisha akasimama akikitazama choo cha shimo cha jirani, hatua chache tu kutoka ukutani.

"Msiyatumie kwanza," alisema. "Majibu nitaleta baada ya wiki mbili."

"Wiki mbili! Na tumbo hili lenye nyuzi nibebe ndoo kutoka bombani?"

"Nitabeba mimi, mama Kifungo," mumewe alisema. Na kweli alibeba, siku nne nzima. Siku ya tano wateja walimwahi mlangoni, naye mkewe akateremsha ndoo kisimani.

Aliyachemsha maji ya mtoto, akageuka kuchukua chupa, akasikia sufuria ikipinduka. Ya chai haikuguswa. Ya kufulia haikuguswa. Kesho yake ikawa vilevile.

Siku iliyofuata, mchana kweupe, aliketi kuilinda, Kifungo kifuani, akaona nyayo za maji zikitokea kisimani, moja baada ya nyingine juu ya saruji kavu, bila miguu yoyote ndani yake, zikipita ndoo, zikipita birika, zikija polepole hadi jikoni huku ile harufu ikimkaba koo, mpaka vidole virefu vyeupe vilivyokunjamana, kama vya mtu aliyefua kutwa, vikashika ukingo wa sufuria na kuiinamisha taratibu, bila hasira, hadi tone la mwisho.

"Jini linamtaka mwanangu," alimnong'oneza mumewe jioni.

"Mbona linamwaga maji tu? Tusubiri majibu, mke wangu."

"Karatasi ndiyo itakayofukuza jini?"

Waganga wengi ni waongo, hilo tunalijua sote. Yule waliyemleta hakuwa mwongo. Alifukiza ubani, akasoma, akagonga mdomo wa kisima kwa fimbo, na mama Kifungo akaanguka chini akitoa sauti nzito isiyo yake.

"Nikitoka, mtoto mnamwachia nani?"

"Wote husema hivyohivyo," mganga alisema, akagonga tena. Kitu kilipiga kelele ndani ya kisima, kelele ya kilio hasa, kikapita juu ya ukuta na kwenda zake.

Asubuhi maji hayakunuka. Fundi alikunywa bilauri nzima, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Mama Kifungo hakutaka mchezo na mwanawe: kila siku aliyachemsha maji yake kwa muda mrefu mno, mpaka yakabaki nusu, ndipo akakoroga maziwa.

Siku ya sita baada ya mganga, midomo ya Kifungo ikawa ya bluu. Wakadhani baridi, wakamfunika. Kucha nazo zikageuka rangi. Walikimbia naye hospitali, lakini hawakurudi naye akiwa hai.

Mpima maji alifika siku aliyoahidi, akakuta watu wamekaa kwenye mikeka. Alitaka kurudi alikotoka, lakini mama Kifungo alishaiona karatasi mkononi mwake.

"Nieleze."

"Pole sana, mama. Ni naitreti. Inatoka kwenye choo kile cha jirani, inapenya chini kwa chini. Haina harufu, haina ladha. Mtu mzima anaweza kunywa asihisi kitu. Mtoto mchanga, damu yake inashindwa kubeba hewa."

"Lakini nilichemsha! Nilichemsha mpaka yakabaki nusu!"

Dada aliinamisha uso. Angeweza kudanganya, na laiti angedanganya. "Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Inazidi ukali."

"Na ile harufu?"

"Ile haikuwa na madhara."

Mama Kifungo alinyanyuka katikati ya watu. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Aliinama juu ya kisima kile, akaita chini kwa sauti ya kubembeleza.

"Rudi. Nisamehe, sikujua. Rudi."

Sauti yake mwenyewe tu ndiyo iliyomrudia. Akateremsha ndoo, akaivuta huku nyuzi zikimuuma, akazamisha uso ndani yake, akanusa, akanusa tena. Mumewe alikuja akamshika mabega.

Maji hayakunuka kitu.