Niliaga Makaburi kwa Ajili ya Nyumba ya Zambia

Nina miaka sitini na mbili. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Kilosa. Nimefundisha watoto wa watu kusoma na kuandika kwa zaidi ya miaka thelathini, na wengine leo ni mabwana wakubwa, nikiingia ofisini kwao wanainuka kunisalimia. Kwa hiyo msije mkaniambia kwamba sikusoma! Nilisoma, nikafundisha, na bado nikadanganywa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Wasomaji wenzangu, sitaki huruma yenu. Huruma nimeshapewa ya kutosha, hasa na watu waliofurahia mkasa wangu. Nawaandikia ili mjue, basi.

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, njia ya Zambia. Tulikuwa na nyumba Mikumi, kando ya barabara kuu, na mimi siku za kazi nilikaa Kilosa nikifundisha. Tulizaa mtoto mmoja tu, Neema, ambaye ameolewa Dodoma. Mbali na nyumba ya Mikumi, nilikuwa na shamba langu Masanze. Hili shamba ndilo kiini cha mkasa huu, kwa hiyo niacheni nilieleze vizuri.

Kwetu sisi ardhi hufuata mama. Shamba la Masanze lilikuwa la bibi yangu, likaja kwa mama, likaja kwangu, na baada yangu lingekuwa la Neema. Kaka ni msemaji wa ukoo, lakini watoto wake si wa ukoo wetu, ni wa ukoo wa mama yao. Mume akija kuishi kwenye ardhi ya mkewe, anaishi kwa sababu mke amemkubali. Na mwanamume kwa kawaida yetu humtazama mtoto wa dada yake kuwa ndiye damu yake na mrithi wake. Mambo haya niliyajua tangu nikiwa mdogo. Niliyajua! Ndiyo maana mpaka leo najiuliza, akili yangu ilikwenda wapi?

Nilipokaribia kustaafu, Baba Neema alianza wimbo wake. Tukastaafie Zambia, Mama Neema! Huko Mpika, alisema, kuna ardhi tele, hewa baridi, watu wapole wanaokusalimia huku wakipiga makofi. Hapa kuna nini? Mto ukifurika tunahamisha magodoro. Masanze nako mwaka ule ng'ombe waliingia shambani mahindi yakiwa yanabeba, wakala mpaka mabua, na kesi ikazungushwa hadi nikachoka kwenda kijijini. Nilikuwa na hasira na Kilosa. Mtu mwenye hasira ni rahisi kumhamisha.

Tukaanza kutafuta nyumba. Kila safari alirudi na picha kwenye simu. Ya kwanza ilikuwa na paa bovu, nikaikataa. Ya pili ilipakana na baa, nikaikataa pia... mimi nizeeke nikisikiliza walevi? Ya tatu, jamani! Ilikuwa na baraza pana, kisima uani na mparachichi mkubwa mbele ya mlango. Nikasema hiyo hiyo. Wiki ile ile nilienda sokoni kutazama vitambaa vya mapazia.

Ili kuinunua ilibidi tuuze nyumba ya Mikumi. Nikasita. Ndipo Baba Neema aliponiambia kwamba tatizo langu ni kuweka mguu mmoja ndani na mwingine nje. Kama kweli nahama, alisema, basi nihame kama watu wanavyohama. Niage makaburi.

Katika ukoo wetu, anayekwenda kufanya kazi mbali haagi makaburi, kwa sababu atarudi. Anayeaga ni yule anayehama moja kwa moja. Anafagia makaburi ya wazee, anamwaga unga wa mtama, anataja jina lake na kusema kwamba anakwenda na hatadai tena. Kuanzia hapo sehemu yake ya ardhi inarudi mikononi mwa ukoo. Kanisani hatulisemi jambo hili kwa sauti, lakini tunalifanya, na Mchungaji anajua kwamba tunalifanya.

Neema alilia kwenye simu. Aliniambia, "Mama, nenda kwanza ukalale kwenye hiyo nyumba. Ukishaipenda, rudi uage. Makaburi hayakimbii." Na mimi nilimjibuje mwanangu? Nikamwambia mimi ndiye niliyemzaa, si yeye aliyenizaa mimi, na kama anayatolea macho mahindi ya Masanze, aseme waziwazi.

Nisameheni, lakini nitasema ukweli wote. Hakuna aliyenifunga kamba. Niliaga kwa sababu ya majivuno. Nilitaka walimu wenzangu, wanakwaya na majirani wajue kwamba mimi si wa kwenda na kurudi, mimi nahamia ng'ambo! Wanakwaya walinishonea kitenge cha kuagia. Siku ya sherehe ya kuniaga, mtani wetu mmoja, Bibi Zaina, alivaa mkoba wangu begani akatembea kwa madaha katikati ya watu, akisema, "Mwalimu, huko ukifa watakuzika kwa Kiingereza, sisi tutajuaje kama umefika?" Watu walicheka hadi machozi, nami nilicheka kuliko wote.

Asubuhi iliyofuata nikapiga magoti kwenye kaburi la mama yangu, nikamwaga unga, nikasema sitadai tena. Kaka yangu Stefano, msemaji wa ukoo, alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaitikia haraka sana. Wakati ule sikuona kitu.

Nyumba ya Mikumi ikauzwa. Kiinua mgongo changu chote kikafuata huko huko. Baba Neema alinieleza kwamba mgeni hawezi kuandikiwa nyumba Zambia kwa haraka, kwa hiyo tutangulize jina la Elia. Elia ni mtoto wa dada yake, amekaa Mpika miaka mingi na ameoa huko huko. Tutabadilisha baadaye, alisema. Nami nikasema sawa! Mwalimu mzima, niliyekuwa nikiwakataza watoto kusaini karatasi wasiyoisoma...

Tukapanda basi pale Mikumi tukavuka Tunduma. Tulipofika Mpika, nyumba ilikuwepo. Wengi mnaosoma mlidhani nitasema haikuwepo, sivyo? Ilikuwepo! Baraza pana, kisima uani, mparachichi mbele ya mlango, kila kitu kama kwenye picha. Ila mapazia yalikuwa yameshatundikwa, na si yangu. Mke wa Elia alitupokea vizuri sana, akapiga makofi kwa heshima, akachukua mizigo yetu akaipeleka chumba cha nyuma, karibu na stoo ya mahindi.

Siku ya kwanza nilidhani ni kwa muda. Wiki ya kwanza nilidhani wanajiandaa kuhama. Niliomba kupika, nikaambiwa mgeni hapiki. Nilitaka kupanda maua kwenye baraza, nikaambiwa nisubiri. Kila nilipomuuliza Baba Neema, aliniambia nisiwe na haraka, tumefika juzi tu.

Siku ya kumi na saba nilimuita Elia barazani mbele ya mjomba wake. Nikamwomba karatasi za nyumba. Kijana hakupandisha hata sauti. Aliniambia, "Mkaza mjomba, nyumba hii ni ya mjomba, na cha mjomba ni changu. Hayo si maneno yangu, ndivyo tulivyolelewa wote. Wewe utakaa hapa kwa amani. Na ukichoka, wewe una kwenu."

Una kwenu! Mungu wangu... Nilikuwa nako, kweli. Nilikuwa nako mpaka nilipopiga magoti na kumwaga unga!

Nikamgeukia mume wangu. Miaka thelathini na minne ya ndoa. Nilimngojea kila safari, nilimuuguza malaria na mguu uliovunjika, nilifua nguo zake zenye mafuta ya injini. Akatazama chini. Akasema ndiyo mila, Mama Neema, hakuwa na nia mbaya, alimwahidi marehemu dada yake. Nilipomuuliza kwa nini basi alinihimiza niage makaburi, akakiri. Aliogopa kwamba nisipoaga, nisingekubali kuuza nyumba ya Mikumi.

Sikupiga kelele. Nilikwenda chumba cha nyuma nikafunga mzigo wangu. Kesho yake nikapanda basi peke yangu, na njia nzima hadi Mikumi nililia bila kuficha uso. Abiria mmoja aliniuliza kama nimefiwa. Nikamjibu ndiyo.

Neema alinifuata Mikumi. Alikuwa na haki ya kunisema hadi jua lizame, lakini alinishika mkono tu akanibebea begi. Hilo liliniuma kuliko maneno yote ya Elia. Akanipangia chumba kimoja Kilosa, na mji mzima ukajua. Bibi Zaina alikuja siku ya pili, akasimama mlangoni akauliza kama Zambia imejaa. Nilicheka, jamani! Nilikuwa sijacheka tangu Mpika.

Nikaenda Masanze kwa kaka yangu Stefano. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na baada ya hapo hakukuwa na udugu. Aliniambia kwamba aliyeaga harudi. Nimesema mwenyewe sitadai, wazee wamesikia, walio hai na walio chini. Nilipotupa macho shambani nikamwona kijana analima matuta kwenye shamba langu. Nilimfahamu. Alikuwa mtoto wa Stefano mwenyewe, wa kumzaa!

Hapo, wasomaji wenzangu, machozi yalikauka. Huzuni yote iligeuka kuwa kitu kingine. Mume wangu aliifuata mila ili anidhulumu, na kaka yangu aliivunja ili anidhulumu. Mila ni ile ile! Inakuwaje kila inapogeuzwa, anayepoteza ni mimi?

Nikadai kikao cha ukoo. Stefano alikataa, nikawazungukia wanawake wakongwe wa ukoo wetu mmoja mmoja, kwa miguu, mpaka wakakiitisha wao. Tulikaa mchana kweupe uani kwa Stefano, watu wengi hata mikeka haikutosha. Waliniambia niombe radhi kwanza. Nikaomba, maana nilikosa kweli. Nilisema mbele ya wote kwamba niliyachezea makaburi ya mama yangu kwa ajili ya majivuno, na faini yoyote nitalipa.

Kisha nikasimama wima. Nikamwambia Stefano, "Kaka, mimi niliaga, sawa. Niliwaachia ukoo. Sasa huyu anayelima pale ni wa ukoo gani? Mama yake ni nani? Bibi yake amezikwa wapi hapa?"

Stefano alisema mimi ni mwanamke niliyeshindwa na ndoa na sasa natafuta wa kugombana naye. Nikamwambia ndiyo, nimeshindwa na ndoa, lakini sijaulizwa swali la ndoa. Ajibu langu! Alitazama huku na huku. Mama yetu mdogo, aliye mkongwe kuliko wote pale, akauliza swali lile lile kwa lugha yetu ya nyumbani, taratibu.

Waliamua hivi. Mimi sirudishiwi shamba, kwa kuwa neno lililosemwa makaburini halimezwi. Shamba anapewa Neema, ambaye hakuaga kitu, na mimi nitaishi hapo chini ya mwanangu. Nilitozwa mbuzi na unga, nikalipa. Kijana wa Stefano akapewa muda wa kuvuna alichopanda.

Kwa hiyo mimi, niliyemwambia mwanangu kwamba anatolea macho mahindi yangu, leo nakula mahindi yake. Ni aibu? Ndiyo. Naimeza kila siku na haijaniua. Nimejenga vyumba viwili vya tofali za kuchoma. Ng'ombe wakija, nawafukuza kwa fimbo na sauti yangu ya darasani, na wachungaji wameanza kuniamkia tangu mbali.

Mwaka huu, baada ya mavuno, Baba Neema alirudi. Alikuja mchana na begi moja. Elia amembadilikia, anasema, sasa ni yeye anayelala karibu na stoo. Stefano, Mchungaji na majirani wakaja kumsemea. Mume ni mume. Kosa ni la binadamu. Mtazeeka na nani?

Nikampikia. Ugali, mlenda na samaki mkavu, kama anavyopenda. Nikamwekea maji ya kunawa kwa adabu zote, akala akashiba, watu wote wakitazama na kutabasamu wakidhani yamekwisha. Alipomaliza akasema, "Mama Neema, nimerudi nyumbani."

Nikamwambia, "Baba Neema, hapa ni kwa Neema. Mimi mwenyewe nimekaribishwa. Siwezi kumkaribisha mtu kwenye nyumba isiyo na jina langu, hayo ulinifundisha wewe."

Akaondoka na begi lake. Nasikia yuko kwa rafiki yake Mikumi. Namwombea afya, sijamwombea zaidi ya hapo.

Mtanisema kwamba nina roho ngumu. Nisemeni! Lakini wewe dada, mama, mwalimu mwenzangu unayehesabu miezi ya kustaafu huku ukionyeshwa picha za nyumba nzuri ng'ambo, nakusihi. Nenda, sikukatazi, dunia ni pana. Ila lala kwanza kwenye hiyo nyumba. Soma karatasi yake kwa macho yako, neno kwa neno, utafute jina lako. Na mwanao akikulilia kwenye simu, usimwulize anatolea macho nini. Msikilize. Mimi sikumsikiliza, na yeye ndiye aliyenipa pa kulala.