Kizingiti cha Zizi

Kila nikitia mgongo kitini mnanambia, bibi, tupe ile ya Sleyum. Kwani televisheni imeharibika? Haya. Mkikosa usingizi msije kunigongea.

Sleyum keshajenga nyumba yake mtaa wa Ansab, jasho la umri mzima, imebaki kizingiti tu. Vya madukani hakuvitaka. Alasiri moja ya kipupwe akapandisha pikapu mlimani, juu kabisa, akakuta duara la mawe. Zizi. La wafugaji wa kale, kabla ya mifereji ya falaji, kabla ya mtende wa kwanza; watu waliopandisha mbuzi chini kukiwaka joto na kuwateremsha baridi ikiingia. Mlangoni limelala jiwe refu, laini kama limepakwa samli.

Bibi mmoja mchunga mbuzi alikuwa akipita.

"Chukua lolote, mwanangu. La mlango liache."

"Wenyewe si wamekufa, mama?"

"Wamekufa. Hawajahama."

Sleyum akacheka, akalipakia.

Kizingiti kikapendeza. Mkewe, Muhsina, hakukikanyaga. Akikiruka kama dimbwi.

"Baba Ruba, jiwe lako lina joto."

"Jua hilo."

"Jua limeshazama."

Kiangazi kikaingia. Jioni ya kwanza ya joto lile la kukausha mate, Sleyum katoka mtaa wa Ghala kwa fundi wa gari, anavua viatu ukumbini. Ikaja harufu. Manyoya yaliyorowa... maziwa yaliyochacha...

"Hodi."

Sauti kavu, kama ya aliyejifunza neno lile kwa kusikiliza dirishani.

Na mtu wa kwetu, hata awe usingizini, akisikia hodi mdomo hujibu wenyewe.

"Karibuni."

Hata hakusema karibu, ya mtu mmoja.

Muhsina akamshika mkono. Akanong'ona, "Umemkaribisha nani?"

Kwato.

Juu ya marumaru. Tk... tk-tk... Zinapita katikati yao, manyoya yanawagusa mapajani, na taa zote zinawaka, na hakuna kitu. Kundi zima likajilaza ukumbini. Likawa linacheua.

Asubuhi Sleyum akalirudisha jiwe mlimani, akaliweka palepale. Bibi yule wa mbuzi akamtazama.

"Jiwe umerudisha. Na neno?"

"Neno gani?"

"Ulilowaitia. Zizi lao sasa ni kwako, na halina mlango. Zamani jiwe likikosekana, mchungaji alilala mwenyewe mlangoni."

Akaona upuuzi. Magharibi akamchukua mkewe wakalale kwa binti yao, Ruba.

Hodi ikapigwa huko. Mlango wa chumba cha mtoto mchanga wa Ruba.

Sleyum hakungoja viatu. Akarudi Ansab, akajilaza pale palipokuwa na kizingiti.

Muhsina kabaki kwa Ruba. Kila kiangazi, mpaka baridi iingie, Sleyum hulala peke yake mlangoni mwa nyumba aliyoijengea uzee wao. Asubuhi mkewe humpelekea chai, humpaka mafuta mgongoni. Alama za kwato, ndogo ndogo, mbichi.

Zote zinaelekea ndani. Za kutoka, Muhsina hajaiona hata moja.