Pumzi ya Tabo

Kwa mara ya sita asubuhi ile kinasamwili kikamtupa Mzee Ambakisye Mwaitege, naye akatua chali kwenye godoro la hewa, miguu juu, kofia ngumu imemziba macho. Hakuumia. Mashine ile iliundwa isiweze kumuumiza mtu hata akiomba. Kilichoumia kilikuwa kitu kingine, kwa sababu pembeni alikuwa amekaa Mzee Gwakisa, akitafuna karanga na kuangalia.

"Usijali, bingwa," Gwakisa alisema. "Barabara inakukumbuka. Wewe ndiye umeisahau."

"Nyamaza wewe. Mwaka ule uliona vumbi langu tu."

"Na leo naona soli za viatu vyako."

Mhandisi Sekela, mwanamke wa makamo mwenye subira nyingi, alimsaidia mzee kusimama huku akitazama michoro ya mwanga iliyoelea mbele yake. "Ni kona ya tatu tena, mzee wangu. Mkono wako unachelewa."

Kinasamwili kilikuwa kazi ya maisha ya Sekela. Kwa macho kilikuwa tandiko tu, limeshikwa na mkono wa chuma wenye viungo kumi na viwili, pamoja na vazi-hisi lililofumwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Ajabu yake ilikuwa kwenye zile nyuzi. Sekela aligundua kwamba akili ya mtu husahau na hutia chumvi, lakini misuli haina ufundi wa kutia chumvi. Mtu aliyeacha kukamua ng'ombe miaka hamsini, mpe chuchu za mpira, vidole vitakamua vyenyewe. Basi mashine ilimpa aliyevaa vazi mwendo mdogo, mwili ukajibu, mashine ikajirekebisha, mwili ukajibu tena, mpaka chombo kilichopotea kikazaliwa upya chini ya mapaja ya mtu aliyekipanda ujanani.

Na pikipiki za tabo zilikuwa zimepotea kweli. Mwaka huo, 2109, watu wa jiji la Mbeya walisafiri kwa vipepeo, vyombo vyepesi vilivyopita kati ya mlima Loleza na Uyole bila sauti. Tabo zote ziliyeyushwa zamani ili kupata chuma cha kuundia vipepeo hivyo. Michoro haikuwapo, kwa kuwa mafundi wa Mwanjelwa waliozibuni hawakuchora kitu. Walipima kwa jicho, wakachomelea, wakawasha.

Tabo yenyewe ilikuwa feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi wa injini uliizungusha ya kwanza, na ya pili ikaisukumia injini hewa. Huko milimani, ambako hewa ni nyepesi na injini za kawaida zilikohoa kama wagonjwa, tabo ilipanda ikiimba. Ilikuwa na tabia moja tu: ukifungua mafuta, haiondoki papo hapo. Inakaa sekunde mbili, ikijaza kifua. Waendeshaji waliita kitendo hicho "pumzi". Pumzi ikiisha, inakurusha mbele kama umepigwa teke na punda.

Wazee kumi na mmoja walikuwa wameshavaa vazi kabla ya Ambakisye, na kila mmoja aliikumbuka tabo kwa namna yake. Mmoja alikumbuka mluzi. Mwingine, joto kwenye paja la kulia na baridi kwenye la kushoto. Mwingine alilia kwa sababu ya harufu ya spiriti ya miwa, mafuta ya tabo, ingawa mashine haikutoa harufu yoyote. Wote walisema tabo yao ilikuwa na kasi kuliko kipepeo. Misuli yao ikasema hapana.

Lakini ukumbi wa Jumba la Mashine Zilizopita, makumbusho aliyofanyia kazi Sekela, ungefunguliwa Jumamosi kwa safari moja iliyochaguliwa: Ambakisye mwenyewe, bingwa wa mbio za mwaka 2047, kutoka Isanga hadi kilele cha barabara ya Chunya kwa dakika kumi na moja na sekunde arobaini. Gwakisa alifika nyuma yake kwa sekunde tatu, na kwa miaka sitini na miwili alikuwa akisema hajui alipitwaje. Iwapo mwili wa Ambakisye usingeweza kufika kileleni, Jumba lingehifadhi safari ya Gwakisa, ambaye alifika kwa jaribio la kwanza. Jina la bingwa lingebaki kuwa maneno ya mzee tu.

"Kuna jambo silielewi," Sekela alisema, akiwasha picha ya bega la kushoto la Ambakisye. "Kila ukikaribia kona, bega hili linajikaza, kana kwamba linangoja kitu. Mkono wako wa mafuta nao unalingoja bega. Linangoja nini?"

"Baridi yabisi hiyo," alijibu mzee, akivua kofia.

Gwakisa akaacha kutafuna.

*

Alasiri ile Ambakisye alipanda kipepeo hadi Iganzo, kwa mdogo wake Tusekile. Alimkuta kibarazani akichagua mbegu za viazi kwa mkono, ingawa mashine ya kuchagulia ilisimama nyuma yake ikiwa imefunikwa kitambaa.

"Karibu, bingwa," Tusekile alisema bila kuinua kichwa. "Nimesikia unatupwa."

"Nani kakwambia?"

"Gwakisa. Amenipigia anacheka mpaka anakohoa."

Ambakisye alikaa. Alikuwa na umri wa miaka themanini na minne, dada yake sabini na tisa, na walionana kila wiki kwa maisha yao yote. Katika wiki zote hizo walizungumza juu ya mvua, wajukuu, magoti, na ugomvi wa kanisani. Juu ya siku ile hawakuzungumza hata mara moja.

Siku ile walikuwa wawili juu ya tabo, na katika ukungu wa asubuhi hakuna aliyeliona umbo la pili. Kanuni hazikukataza kubeba mtu, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba mwenye akili timamu angeongeza uzito kwenye mlima. Lakini Tusekile alikuwa na kitu kilichozidi uzito wake. Tangu utotoni alishusha viazi kwa miguu kwenye barabara ile, akihesabu hatua ili mzigo usimchoshe, na aliijua kila kona kwa urefu wake. Mwendeshaji aliye peke yake alifungua mafuta alipoona kona inaisha, halafu akangoja pumzi. Ambakisye alifungua kabla hajaona chochote, ngumi ndogo ya Tusekile ilipomgonga bega la kushoto, na pumzi ikaisha palepale barabara iliponyooka. Kwenye kona ya mwisho, iliyojikunja sana hata tabo ilipita kwa mwendo wa mtu anayetembea, Tusekile aliruka chini kama walivyopanga, ili kipande cha mwisho kipandwe na chombo chepesi.

Juu kileleni mtangazaji wa redio alimwekea Ambakisye kipaza sauti mdomoni. Ulikuwa peke yako, kijana? Naye, akiwa na miaka ishirini na miwili na watu wamemnyanyua mabegani, akasema ndiyo. Alikusudia kusahihisha. Kesho yake ilikuwa vigumu kidogo, mwezi uliofuata vigumu zaidi, na baada ya mwaka hapakuwa na pa kuanzia.

"Bega langu linakungoja," alisema sasa.

Tusekile alitupa kiazi kibovu kwenye ndoo. "Bega lako lina adabu kuliko mdomo wako, kaka."

"Najua."

"Unataka nije niligonge."

"Nitawaambia tu kwamba unakaa nyuma kuniongezea uzito nisitupwe. Na kona ya mwisho utashuka, kama siku ile. Muda utatoka uleule."

Alikuwa ameyapanga maneno hayo njiani, na yalipotoka aliyasikia yalivyo. Tusekile aliyasikia pia. Akachagua viazi vinne vitano kabla ya kujibu.

"Nitakuja," alisema. "Lakini hilo vazi nitalivaa chini ya gauni. Sitasimama mbele ya watu kama soseji."

*

Jumamosi ukumbi ulijaa. Sekela alikuwa amefunga tandiko la pili, na juu ya vichwa vya watu ilining'inia picha-hewa ya barabara ya Chunya pamoja na saa kubwa ya mbio. Gwakisa alikaa mstari wa mbele, amevaa tai.

"Umeleta mlinzi?" aliuliza.

"Huyu ni dada yangu. Nimemleta anisindikize."

"Najua ni dada yako. Nauliza kazi yake."

Tusekile akapanda, akatengeneza gauni lake.

Kinasamwili kikanguruma. Kona ya kwanza, ngumi ikatua begani, mkono wa Ambakisye ukafungua mafuta kabla hajapata muda wa kuogopa. Pumzi. Halafu lile teke, na watu ukumbini wakarudi nyuma kwenye viti vyao, ingawa hakuna aliyewagusa. Kona ya pili. Kona ya tatu, iliyomtupa mara sita, ikapita kama mlango ulioachwa wazi. Mbele ya michoro yake Sekela aliona mashine ikiacha kujirekebisha, kitu ambacho hakuwahi kukiona. Miili miwili ile ilikubaliana na chombo, na chombo kikakubaliana nayo.

Tusekile alikuwa akihesabu kwa sauti ndogo. Ambakisye aliisikia zaidi kwa mgongo wake kuliko kwa masikio. Alikuwa amesahau kwamba dada yake alikuwa akihesabu kwa sauti. Katika miaka sitini ya kusimulia alikumbuka mluzi, moto, ukungu na mawe, na sauti ile aliiondoa kwa ustadi hata mwenyewe akaamini haikuwapo.

Walifika kona ya mwisho wakiwa mbele ya muda wa Gwakisa kwa sekunde mbili na nusu. Chombo kikapunguza mwendo. Nyuma yake akahisi uzito unainuka: mwili wa Tusekile, ambao nao haukujua kutia chumvi, ulikuwa unajiandaa kuruka. Kwenye picha-hewa kila mtu akaona umbo la pili likinyanyuka kutoka kwenye tandiko. Gwakisa akasimama.

Ambakisye aliachia mpini kwa mkono wa kushoto, akaushusha nyuma, akalishika goti la dada yake.

"Kaa," alisema. "Tufike."

"Utashindwa, kaka."

"Kaa."

Uzito ukarudi. Wakapanda kipande cha mwisho wakiwa wawili, chombo kikilalamika, saa ikikimbia juu yao, na walipovuka mstari ilisimama kwenye dakika kumi na moja na sekunde arobaini na sita. Gwakisa alikuwa na arobaini na tatu.

Ambakisye alivua kofia. Sauti ilitoka vizuri kuliko alivyotarajia. "Siku ile nilisema nilikuwa peke yangu. Haikuwa kweli. Huyu ndiye aliyezihesabu kona zote na kunigonga bega, akashuka ile ya mwisho ili mimi nionekane."

Gwakisa alikuwa bado amesimama, karanga zimemmwagika miguuni. "Miaka sitini na miwili," alisema polepole, "nimekuwa nikiilaumu kabureta." Akakaa chini, akaanza kucheka, na kwa kuwa alikuwa mshindi sasa, watu wakaona wana ruhusa ya kucheka naye.

Sekela alisogea karibu. Macho yake yalikuwa yamelowa, ingawa alijifanya anasoma mitambo. "Mzee wangu, nihifadhi safari ipi? Mashine inaweza kuikokotoa ile ya mwaka 2047 kama ilivyokuwa, bibi akiwa ameshuka."

"Muulize yeye."

Tusekile bado alikuwa kwenye tandiko, akitazama picha ya kilele: bonde lote chini na mawingu yamelala juu yake. "Siku ile nilipofika kwa miguu, watu walikuwa wameshaondoka," alisema. "Palikuwa na maganda ya miwa na vumbi. Sikujua kwamba ukifika na wenzako kunakuwa hivi." Akafikiri kidogo. "Hifadhi hii. Halafu uturudishe chini."

"Umechoka, bibi?"

"Nani kachoka? Nataka kukaa mbele."

Wakabadilishana. Ambakisye alipanda nyuma kwa shida, Gwakisa akimsukuma kiunoni na kumwita mzigo. Mashine ikanguruma. Tusekile, ambaye hakuwahi kushika mpini wa tabo maishani mwake, aliushika kwa mikono miwili na kuinama mbele. Kutoka nyuma Ambakisye aligundua kwamba barabara haionekani. Palikuwa na mgongo wa dada yake tu, na kona ya kwanza mahali fulani mbele yake, na yeye hakuwahi kuhesabu hatua zake hata siku moja. Akainua ngumi, akangoja, akababaika, akagonga.

"Umechelewa," Tusekile alisema, na kinasamwili kikawarusha wote wawili kuelekea kwenye godoro.