Sauti ya Adiza Chumbani

Siku ilianza vizuri tu. Dado alikuwa akitwanga viazi vikuu uani kwa wakwe wa mdogo wake, akitaniana nao, mpaka akauliza: "Mdogo wangu Adiza yuko wapi?"

"Kaingia chumbani tangu alfajiri," Mama Bio, mama mkwe wa Adiza, akajibu kwa fahari. "Wakati wake umefika."

Huku kwetu upande wa Nikki mwanamke hujizalisha peke yake, kimya, akaita watu kukata kitovu tu. Ukipiga kelele, umewaaibisha wakwe.

"Mimba ya kwanza hii, mama. Peke yake?"

"Mimi nilizaa saba. Majirani walisikia watoto, mimi hawakunisikia!"

Dado akausogelea mlango. "Adiza, vipi?"

"Bado. Niache."

Sauti ilikuwa tulivu. Mama Bio akaja akakaa kizingitini, mgongo mlangoni. Adhuhuri ikapita, moyo ukamshinda Dado, akakimbia zahanati akarudi na mkunga Rashidatu, jasho likiwatiririka. Mama Bio hakuwapisha.

"Mtoto akija miguu mbele mkamwona, mtamwita mchawi. Nani atamlea?"

"Na mama yake akifa, nani atamlea?" mkunga akamrudishia. Kisha akaita, "Adiza, nifungulie."

"Bado. Sijambo. Mkunga aende zake."

Rashidatu akasita. Mwenyewe kakataa, angefanyaje? Dado akapiga magoti, akamshika Mama Bio miguu, akalia bila haya. "Mama, nakuomba. Nimwone tu. Sina mwingine duniani."

Mama Bio hakubanduka. Kila walipoita, jibu lilikuwa lile lile.

Bado.

Bado.

Jua likielekea kuzama, Dado hakuita tena. Akamkumba mama wa watu, akausukuma mlango.

Adiza alikuwa chini, nyuma ya mlango. Wa baridi. Mtoto hakutoka.

Mkunga akauinua mkono wake. Ulikuwa umekakamaa. "Huyu kafa tangu adhuhuri," akanong'ona.

"Mbona alikuwa anatujibu?"

Dado akageuka. Upande wa ndani, mlango ulijaa viganja vya damu, juu hadi chini. Mdogo wake alikuwa akigonga. Akigonga kwa nguvu zake zote, na wao hatua moja nje hawakusikia kitu.

Walipomwosha, maji yalitoa damu yote. Hayakutoa alama mashavuni: vidole vinne huku, gumba kule, za mtu aliyemziba mdomo akakaza.

Mama Bio akanyoosha mkono amfunge marehemu kinywa. Vidole vyake vikaangukia juu ya zile alama, kimoja kimoja, vikaenea sawasawa.

Na adhuhuri nzima hakutoka pale kizingitini, hakuingia ndani. Dado alimwona kwa macho yake.