Sare za Kwenda Msimbati

Ndugu zangu wa Chuno, na ninyi wa Ufukoni msijifanye hayawahusu, sogeeni.

Nyumba ya Fredi ilikuwa tulivu jioni ile. Magreth mkewe alikuwa akimenya mihogo, binti yao Upendo akijisuka barazani, na Mama Raheli, mama mzazi wa Fredi, aliuliza tena kama maji ya bahari yana chumvi kweli au watu wanamtania. Alikuwa ametoka Songea kuja kutibiwa sukari, na tangu azaliwe hajawahi kuingiza mguu baharini.

"Mama, nitakupeleka Msimbati ukayaonje mwenyewe," Fredi akasema.

Kwa hiyo safari ilikuwa ya mama. Lishikeni hilo, maana wenyewe walilisahau.

Mipango ikahamia kwenye kundi la wasapu, na Mama Raheli, mwenye simu ya kitochi, akabaki nje ya safari yake mwenyewe. Hata Fredi alipotea. Alilala akijua ni samaki wa kuchoma, akaamka akakuta ni pilau. Jana gari moja, leo mawili. Jirani yao Sonia, muuza vitumbua ambaye wazee wake walitoka ng'ambo ya Ruvuma, aliomba nafasi akajibiwa magari yamejaa. Jambo moja tu halikubadilika: sare. Kitenge cha manjano chenye tausi, kila mtu, picha zitoke vizuri.

Asubuhi ya safari akatokea Gladness, shoga yake Magreth. Hana sare, lakini nafasi yake ikapatikana, sijui ilitoka wapi.

"Mama, mpe Gladness hiyo yako," Magreth akasema. "Wewe una nguo nyingi ndani."

"Na mimi nivae nini, mwanangu?"

"Chochote tu, Mama."

"Ila bibi akae pembeni kwenye picha," Upendo akadakia, wakacheka. Mama Raheli naye akacheka. Akavua, akarudi chumbani kutafuta kitu chenye rangi ya manjano.

Fredi hakuyaona hayo. Alikuwa nje akifunga vikapu juu ya gari. Kazi yake ni kuhesabu magunia ya korosho bandarini, basi akahesabu na safari yake. Akachungulia gari la nyuma, akaona vitenge vya manjano vimetimia. Akafunga mlango wa nyumba kwa kufuli, akautingisha. Magreth, kule gari la nyuma, alidhani mama yuko la mbele na mwanawe.

Msimbati wakapiga picha mpaka simu zikapata moto. Kisha Fredi akafungua kikapu cha chakula, akakuta bakuli dogo la mfuniko wa bluu. Uji na mihogo ya mama. Halijaguswa.

"Mama yuko wapi?"

"Si ulikuja naye wewe?"

"Mimi? Nimemwona kwenu, na kitenge chake!"

Gladness akajitazama kifuani.

"Asubuhi amechoma sindano?" Fredi akauliza.

"Amechoma. Nimemwona."

"Amekula?"

Magreth akalitazama lile bakuli. Sindano ya sukari bila chakula humwangusha mtu, na hilo nyumba nzima ililijua. Chakula chote kilikuwa pale mchangani. Hata kopo la sukari.

Simu ya mama ikaita, ikaita. Njiani kurudi nyumbani Fredi hakujua anapita wapi. "Hivi kweli nilifunga mlango?"

"Ulifunga, Baba Upendo."

"Una hakika?"

"Ulifunga, na ukautingisha."

Walikuta kufuli limevunjwa. Sonia ameketi sakafuni, kichwa cha Mama Raheli mapajani mwake.

"Karibuni, watalii," akasema. "Nimevunja kufuli lenu, shemeji, nishitakini. Nimesikia kikombe kinagongwa kwenye nondo za dirisha. Jasho limemlowesha, anatetemeka, mimi ananiita Fredi. Nimemnywesha maji ya sukari. Msisimame hapo, leteni gari!"

Mama Raheli akafumbua macho, akamtazama mwanawe aliyejaa mchanga miguuni. Begani mwake mama alikuwa na khanga kuukuu, manjano yake yamepauka.

"Fredi, gari limefika? Nimepata hii. Haifanani sana, lakini nitakaa pembeni."

Hospitali walimtibu akapata nafuu, tushukuru Mungu. Ila Fredi, mtu mzima na ndevu zake, alilia koridoni mpaka wauguzi wakamletea kiti.

FUNZO

Kutembea ufukweni si kosa, na sare zinapendeza, mimi mwenyewe ninazo. Kosa ni kupamba safari tukamsahau mwenye safari. Fredi alihesabu nguo akadhani amehesabu watu. Kabla hujafunga mlango, ita kila mtu kwa jina lake, usubiri aitike. Mgonjwa ale kwanza, picha baadaye. Na jirani usimnyime kiti ukadhani hutamhitaji.

Kama una mzee hapo ndani, hebu nenda kamwulize amekula nini leo. Nenda, mimi nakusubiri.